Habari za Tippu Tip, Jamaa Zake na Mashamba Yake



Sisi tulio Tabora twakaa juu ya njia ya zamani. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, mizigo yote ya bara ilipita mabegani mwa watu: nguo, ushanga, nyaya na baruti zikienda bara, pembe za ndovu zikirudi pwani. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ilikuwa mwendo wa miezi mitatu hivi, kwa kupitia Mpwapwa na Ugogo. Kutoka hapa hadi Ujiji ilikuwa kama mwezi mmoja tena. Miembe mikubwa ya huku kwetu ni ukumbusho wa watu waliopita njia hiyo.

Safari hii tumeona vyema kuandika habari za mmoja wa watu hao, ambaye jina lake kila mmoja wetu alilisikia shuleni. Huyo ni Tippu Tip. Mara nyingi husimuliwa kwa bunduki zake na pembe zake, na hayo ni kweli. Lakini twataka kumwangalia kwa upande mwingine, yaani jamaa zake na ardhi yake. Alikuwa mjukuu wa nani? Baba yake alioa wapi? Nchi na mashamba aliyokuwa nayo aliyapata kwa mlango gani? Tukiyafuata hayo tutaona kwamba undugu ulimfungulia milango mingi kuliko bunduki, na tutaona pia ni watu gani walioachwa nje ya milango hiyo.

UKOO WAKE

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Jina la Tippu Tip alipewa bara. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesapepesa, lakini mwenyewe alieleza kwamba ni mlio wa bunduki za watu wake.

Mama yake alikuwa binti wa Habib bin Bushir el Wardi, wa ukoo wa Waarabu wa Maskati. Kwa upande wa baba, damu ilikwisha kuchanganyika zamani. Rajab, aliyekuwa baba wa babu yake, alimwoa binti ya Juma bin Muhammed el Nebhani. Mama wa binti huyo alikuwa mwanamke Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kusini ya Dar es Salaam. Basi mtu huyu aliyeitwa Mwarabu na kila mtu alikuwa pia mtoto wa nchi hii. Tena tuangalie jambo moja. Wanaume wa ukoo wake hutajwa kwa majina, baba, babu na babu wa baba. Mama wa Mbwamaji hutajwa kwa kijiji chake tu.

BABA YAKE NA UNYANYEMBE

Babu yake na baba yake walikuwa miongoni mwa wafanya biashara wa kwanza wa pwani kuingia bara. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliifanya Unyanyembe kuwa nyumba yake.

Tukumbuke desturi ya ardhi ya Unyamwezi wakati ule. Nchi ilikuwa chini ya mtemi. Mgeni hakuinunua kama mtu anunuavyo shamba Unguja. Aliomba, akaonyeshwa mahali, akajenga tembe lake, akalima. Waarabu walilima ngano na mpunga, wakapanda vitunguu, miembe na milimau. Lakini mgeni alibaki mgeni, na makazi yake yalitegemea mapatano yake na mtemi.

Muhammed bin Juma alipata zaidi ya mapatano. Alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa ndoa hiyo akawa mkwe wa ikulu, na heshima yake ikawa kubwa kuliko ya wafanya biashara wengine. Kwa hiyo kijana Hamed, alipofuatana na baba yake hadi Tabora akiwa na umri wa miaka kumi na minane hivi, hakufika kama mpita njia. Alifika nyumbani kwa baba yake, palipokuwa na mama wa kambo aliye binti wa mtemi.

Ukwe huo ulikuwa na gharama yake. Fundikira alipokufa karibu na mwaka 1858, Mnywasele alishika utemi. Yeye aliwatoza wageni ushuru, na ugomvi ukaanza. Waarabu wakamwondoa, wakamsimamisha Mkasiwa mahali pake. Mnywasele alipigana nao porini miaka kadhaa mpaka alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Watu waliokaribishwa kwa hisani ya mtemi wakawa ndio wanaochagua nani awe mtemi. Ndoa ya Karunde haikuwa sababu pekee ya mambo hayo, lakini yatuonyesha jinsi wageni walivyokuwa wamekwisha kuingia ndani ya nyumba.

Tippu Tip naye alioa kwa faida. Huko Unguja alimwoa binti ya Salum bin Abdallah el Barwani, mwanamke mwenye mali Unguja na Maskati. Yeye mwenyewe wakati huo hakuwa na shamba. Mtaji wa safari zake kubwa aliupata kwa mkopo, na tajiri aliyemwamini zaidi alikuwa Taria Topan, Mhindi wa Unguja.

BIBI ALIYEPATIKANA UTETELA

Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama, mtemi mwenye nguvu wa Itawa, kusini ya Ziwa Tanganyika, akachukua pembe nyingi sana. Mwaka huo huo alikutana na Daktari Livingstone katika nchi hizo. Alimpa mbuzi, kitambaa, ushanga na mtama, na kumsaidia njiani. Twalitaja hili kwa sababu ni haki kulitaja. Mtu huyu alikuwa mkarimu kwa wageni, na Wazungu wengi waliopita bara walikuwa na deni kwake.

Baada ya hapo alifanya safari ndefu kuliko zote, ya miaka kama kumi na miwili. Katika safari hiyo alivuka nchi ya Warua akafika Utetela, magharibi ya Manyema, ambako mtawala alikuwa mzee Kasongo Rushie. Njiani alisikia kwamba zamani Warua waliwateka dada wawili wa mzee huyo, na kwamba mzee hakuacha kuwakumbuka.

Tippu Tip akakumbuka kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, aliwahi kusafiri Urua. Akatangaza kwamba huko babu yake alimnunua mwanamke, akamweka nyumbani, na mwanamke huyo akamzaa mama yake. Mwanamke huyo, alisema, ndiye dada wa Kasongo Rushie. Kwa hiyo yeye Hamed ni mjukuu wa nyumba hii, naye amekuja kwa watu wake.

Mzee Kasongo alisadiki. Akampokea kama mtoto aliyepotea, kisha akamwachia utawala wa nchi. Kuanzia siku hiyo pembe za Utetela, ambazo kwa desturi zilikuwa haki ya mtawala, zikaletwa kwake. Hakufyatua risasi kuipata nchi hiyo. Wanahistoria wengi huona kwamba habari ile ya bibi ilikuwa hila.

Tutue kidogo hapa. Kama habari ilikuwa ya uongo, basi mzee mwenye huzuni alidanganywa kwa jina la dada yake. Kama ilikuwa ya kweli, basi mwanamke alitekwa, akauzwa, akazaa katika nyumba ya aliyemnunua, na hakuna aliyetafuta kwao mpaka siku ilipojulikana kwamba kaka yake ana nchi yenye pembe. Kwa vyovyote viwili, bibi huyu alitafutwa kwa ajili ya urithi.

JAMAA KATIKA KILA MLANGO

Kutoka Utetela, Tippu Tip alihamia Kasongo katika Manyema karibu na mwaka 1875. Hapo palikuwa kama mji mkuu wake. Mwaka 1876 alipatana na Stanley kumsindikiza sehemu ya njia kwa malipo, wakaenda pamoja kando ya mto mkubwa wa Kongo.

Nchi hiyo pana aliiendesha kama nyumba, na katika kila mlango aliweka jamaa. Muhammed bin Masoud el Wardi, ndugu yake kwa mama, alikuwa mshirika wake katika safari. Muhammed bin Said, aliyeitwa Bwana Nzige, naye ni wa jamaa, alishika sehemu yake, na mwanawe Rashid akawa msaidizi mkubwa. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliachiwa Kasongo. Hata Mirambo wa Urambo, ambaye tangu mwaka 1871 alikuwa akipigana na Waarabu wa Unyanyembe, alionyesha nia ya urafiki kwa Tippu Tip alipokuwa akirudi pwani, na Sefu ndiye aliyetumwa kwake. Tippu Tip alifika Unguja mwaka 1882.

Lakini nyumba yoyote ina watumishi wasioitwa jamaa. Mmoja wao alikuwa Ngongo Leteta, aliyetoka katika utumwa akawa kiongozi wa askari huko Utetela. Alifanya kazi kubwa, lakini hakuwa mwana wala mpwa. Tutaona baadaye jambo alilolifanya.

Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa Wali wa Stanley Falls, ambapo leo ni Kisangani, chini ya dola ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Mshahara wake ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyeipata nchi kwa kujiita mjukuu sasa akawa mwajiriwa katika nchi ile ile.

MASHAMBA SABA

Pembe alizouza Unguja hazikukaa kuwa fedha. Alinunua ardhi. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na mashamba mengi yakapandwa upya katika miaka iliyofuata. Mtu mwenye fedha aliweza kujipatia nafasi. Kufikia mwaka 1895 hesabu ya mali yake ilitajwa kuwa mashamba saba na watumwa 10,000.

Hesabu hiyo ni vyema tuisome polepole. Shamba la karafuu halijilimi. Karafuu huchumwa kwa mkono, tawi kwa tawi, huchambuliwa na kuanikwa juani. Kila mkono uliofanya kazi hiyo ulitoka mahali fulani, na wengi walitoka bara, wakapita njia hii yetu. Si wote waliopita walikuwa watumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliobeba mizigo kwa ujira, nao walijivunia kazi yao. Lakini pamoja nao walipita waliofungwa, na watoto wasiojua waendako. Pembe zilipimwa kwa frasila, karafuu zilipimwa vivyo hivyo, na watu wakaandikwa kwa jumla.

Tippu Tip alijua vizazi vyake hadi babu wa baba, na aliweza kutaja bibi katika nchi ya mbali alipomhitaji. Watu wale 10,000 nao walikuwa na baba na bibi, na katika nchi zao walikuwa na sehemu ya kulima. Kitu cha kwanza alichonyang'anywa mtumwa ni undugu wake. Alipewa jina jipya, na toka hapo alikuwa mtu wa fulani. Mtu asiye na jamaa wa kumdai hana ardhi ya kudai.

MWISHO WAKE

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Kongo, akamwachia Rashid kazi ya Stanley Falls. Alipofika Tabora mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka huo Wajerumani walipandisha bendera yao hapa. Aliugua, akakaa, na alifika Unguja mwaka 1891. Mtemi Isike alikataa kutawaliwa akapigana nao, na Januari 1893 ngome yake iliposhindwa alijilipua kwa baruti. Hivyo nyumba ya Fundikira, iliyowakaribisha wageni wa kwanza, ilishindwa na wageni wa pili.

Huko Kongo vita ilianza mwaka 1892 baina ya Wabelgiji na Waarabu. Ngongo Leteta, yule ambaye hakuwa wa jamaa, alihamia upande wa Wabelgiji, na kuondoka kwake kulivunja nguvu za Sefu. Mwaka 1893 Sefu aliuawa. Mwaka huo huo Wabelgiji wakamwua Ngongo Leteta naye. Nchi yote ilipotea. Ikaingia mikononi mwa dola ya Leopold, iliyowatesa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira. Watawala hao walijiita Wakristo. Hatuwezi kusimulia makosa ya wengine tukayaficha ya watu wa dini yetu.

Tippu Tip aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba yake Mji Mkongwe. Hakuwa na amani kamili katika mali. Rumaliza, mshirika wake wa zamani wa Ujiji, alimfungulia kesi ya madai. Mwaka 1897 amri ya Sultani ilimruhusu kila mtumwa wa Unguja na Pemba kwenda barazani kudai uhuru wake, ingawa masuria walingoja hadi mwaka 1909. Wakati huo alimwandikia Mjerumani Heinrich Brode habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na kitabu hicho ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Kiswahili ya mtu kusimulia maisha yake mwenyewe. Alikufa kwa homa ya malaria Juni 1905.

SHAMBA LA NAMNA NYINGINE

Si mbali na nyumba yake lipo Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa na wamisionari wetu wa UMCA mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873, na mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Nje ya mji, huko Mbweni, misioni ilinunua shamba na kuwaweka humo watumwa waliookolewa. Kati ya waliolelewa na misioni alikuwepo Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto. Mwaka 1890, ule ule Tippu Tip alipoiacha Kongo, Majaliwa aliwekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misioni hiyo. Hatusemi kwamba misioni haikuwa na makosa. Twasema tu kwamba mtu aliyenyang'anywa jamaa alipata watu wa kumwita ndugu, na hawakumwita hivyo ili warithi nchi yake.

NASI JE?

Haya si maneno ya kuwalaumu majirani zetu Waislamu, ambao wengi wao ni wajukuu wa waliouzwa, kama sisi. Utumwa ulikuwa na wauzaji wa kila kabila na wanunuzi wa kila dini. Twauliza swali lililo karibu zaidi.

Katika mitaa yetu mzee akifa, jamaa hujaa nyumbani. Wengine huja kulia. Wengine huja wakiwa na nasaba ndefu, wakieleza jinsi wanavyohusika na shamba. Mjane aliyelima shamba hilo miaka ishirini husikia kwamba yeye si wa ukoo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zatambua haki ya mwanamke kuwa sawa na ya mwanamume, lakini sheria haikai jikoni pamoja na mjane usiku ule. Jamaa ndio wanaokaa naye.

Kitabu cha Ruthu chatupa mfano mwingine wa undugu na shamba. Alikuwepo ndugu wa karibu aliyelitaka shamba la marehemu, lakini alipoambiwa kwamba pamoja na shamba atamchukua mjane, akarudi nyuma akihofia urithi wake mwenyewe. Boazi alichukua vyote viwili, shamba na mtu. Yule ndugu wa kwanza hata jina lake halikuandikwa.

Twawaomba basi wasomaji wafanye mambo mawili kabla ya Kwaresima kuisha. La kwanza, kila mwenye shamba na aandike wosia akiwa mzima, mbele ya mashahidi, na mke wake akiujua. La pili, waulizeni wazee majina ya bibi zenu, si ya mababu tu, yaandikeni katika daftari la nyumba pamoja na mahali walikotoka. Wengine mtakuta bibi wa Manyema, wengine wa Urua, wengine hamtapata zaidi ya jina alilopewa njiani. Liandikeni hilo hilo. Siku ya Marehemu Wote tutayasoma kanisani.